ThinkPad T480 iliyotumika: ikilala, inaamka?

Muuzaji akikuwashia T480, kompyuta ya mkononi ya Lenovo, mezani, itawaka. Itafungua Windows, itacheza video, kibodi itakupendeza na bei itakushawishi. Kitu ambacho hakionyeshwi mezani ni hiki: ukifunga kifuniko, ukaiacha ilale nusu saa, kisha ukakifungua, inaamka au inaganda? Tathmini nyingi za mashine hii zinasifia kibodi, betri mbili na urahisi wa kufunguka, na zinastahili kusifia. Hii inaangalia usingizi tu, kwa sababu malalamiko mengi ya kompyuta zilizotumika, za Kariakoo kama za Luthuli Avenue, huanzia hapo: kioo cheusi, feni inazunguka, hakuna kinachojibu, mtu anakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka izime na kazi yote inapotea.

Hukumu iwekwe mapema ili asiye na muda asisumbuke. T480 ni ya kununua. Inalala usingizi wa kweli, na inapoganda wakati wa kuamka, mkosaji mara nyingi ni kitu unachoweza kukibadilisha au kukirekebisha mwenyewe kwa bisibisi moja na subira. Kasoro moja tu ndiyo ya kuogopa, na ina sehemu yake hapa chini.

Kwa nini kuamka kunaumbua mashine

Kompyuta inapowashwa kutoka kuzimwa, BIOS (programu ya kwanza kabisa kuamka, kabla ya Windows) huanzisha kila kifaa upya, kwa utaratibu, kisha Windows hupakia draiva zake, programu ndogo zinazoendesha vifaa, moja baada ya nyingine. Inapoamka, vyote vinatakiwa virudi kazini ndani ya sekunde mbili tatu, katika hali ileile vilivyoachwa. RAM, kumbukumbu ya muda, iwe imeshikilia data bila kupoteza hata biti moja, diski ijibu inapoitwa, kadi ya picha iwashe kioo, chipu ya Thunderbolt, inayosimamia tundu la USB-C la kasi, ijitambulishe. Kimoja kikichelewa, vingine vinakisubiri. Ndiyo maana mashine inaweza kuwaka vizuri kila asubuhi na bado ikaganda kila inapoamka.

T480, iliyotoka 2018 ikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha 8, inatumia usingizi unaoitwa S3: prosesa, diski na kioo vinakatiwa umeme, RAM peke yake inabaki ikilishwa kidogo kidogo. Mashine nyingi mpya kuliko hiyo zimehamia Modern Standby, ambamo kompyuta hailali hasa, inapunguza tu shughuli huku ikiendelea kuchungulia mtandao. Kuanzia kizazi cha 11 cha Intel, kompyuta nyingi hazina S3 kabisa. Hizo ndizo utakazozikuta zimechemka ndani ya begi na betri imekwisha. Kwa hili T480 inazishinda ndugu zake wadogo, na usikubali muuzaji akuambie mpya ndiyo bora kwa kila kitu.

Kuhakikisha, fungua Command Prompt uandike:

powercfg /a

Orodha ya juu ni ya aina za usingizi zinazopatikana, ya chini ni ya zisizopatikana pamoja na sababu. Kwenye T480 nzima, Standby (S3) iko juu. Ikiwa imeshuka chini na sababu inataja graphics, Windows imewekwa upya bila draiva ya picha, na kwenye Device Manager utaona Microsoft Basic Display Adapter badala ya Intel UHD Graphics 620. Mashine haijaharibika. Weka draiva, washa upya, angalia tena.

Isome inavyoganda kabla ya kugusa chochote

Makosa makubwa ya mafundi wa haraka ni kuweka Windows upya mara moja. Wakati mwingine inasaidia, lakini ushahidi wote unafutika. T480 inajieleza vizuri ikisomwa.

Anza na taa nyekundu juu ya herufi i kwenye kifuniko. Mashine ikiwa imelala, taa hiyo inafifia na kuwaka polepole. Ukifungua kifuniko na taa ikaendelea hivyohivyo, mashine haijaanza hata kuamka. Bonyeza Fn, au kitufe cha kuwashia mara moja bila kukishikilia. Taa ikitulia, mashine imeamka hata kama kioo ni cheusi tii.

Kisha bonyeza Caps Lock. Taa ndogo ya kwenye kitufe hicho huwashwa na kuzimwa na Windows yenyewe. Ikiitika, Windows iko hai na tatizo ni picha. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B: utasikia mlio mfupi na draiva ya picha itaanzishwa upya. Kioo kikirudi, umeshampata mkosaji. Kisiporudi, unganisha televisheni kwa HDMI. Picha ikitokea kule, angalia kebo ya kioo na mwanga wake. Isipotokea kokote, rudi kwenye draiva.

Hali ya pili inawadanganya wengi. Kioo kinawaka, saa na picha ya mwanzo vinaonekana, kipanya kinasogea vizuri, unaandika nenosiri, halafu kila kitu kinasimama. Watu husema Windows imeharibika. Mara nyingi ni diski. Picha uliyoiona tayari ilikuwa ndani ya RAM, kwa hiyo ilichorwa bila kuigusa diski. Pale Windows ilipohitaji kusoma kitu kipya, diski haikuitika. Isubiri dakika mbili kamili kabla ya kuizima kwa nguvu. Ikijitoa yenyewe baada ya muda, kumbukumbu za matukio zitakuwa na jibu.

Hali ya tatu: feni inazunguka, taa imetulia, Caps Lock haiitiki, kioo hakuna. Hapo mashine imekwama mapema sana, na watuhumiwa ni RAM, Thunderbolt, BIOS ya zamani au draiva iliyokwama. Ya nne: unafungua kifuniko na mashine inaanza upya kabisa, na nembo ya Lenovo. Huko si kuganda hata kidogo. Ama umeme ulikatika ikiwa imelala, ama ilipata hitilafu ya kioo cha bluu, Windows ikasimama kwa kosa na ikajiwasha yenyewe.

Kumbukumbu za matukio

Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta chanzo kinachoitwa Kernel-Power. Tukio namba 42 ni mashine kwenda kulala. Namba 107 ni kuamka, na karibu nalo utaona namba 1 la Power-Troubleshooter likitaja saa ya kulala, saa ya kuamka na kilichoiamsha. Namba 41 linaandikwa mashine inapowashwa baada ya kuzimika bila utaratibu.

Ukiona 42 kisha 41 bila 107 katikati, ama Windows haikuamka, ama iliamka ikashindwa kuandika. Hili la pili lisisahaulike: daftari la matukio lenyewe liko kwenye diski, kwa hiyo diski ikikataa kabisa, hakuna kitakachoandikwa. Kimya nacho ni ushahidi. Ukiona 107 imeandikwa na baadaye namba 129 kutoka stornvme au storahci, yaani draiva za diski, ikisema kifaa kimeanzishwa upya, kesi imekwisha: diski ilichelewa kujibu na Windows ikaigonga ili iamke.

Fungua tukio 41, nenda Details, usome BugcheckCode. Namba hiyo imeandikwa kwa mfumo wa kawaida wa makumi, si ule wa herufi na tarakimu unaouona kwenye kioo cha bluu. Ikiwa 0, umeme ulikatika au mtu alikandamiza kitufe. Ikiwa 159, ni 0x9F: draiva fulani imeshindwa kulala au kuamka kwa wakati. Ikiwa 26 au 80, yaani 0x1A au 0x50, ielekee RAM kwanza. Kwa 159, faili iliyobaki katika C:\Windows\Minidump ikifunguliwa kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchambua hitilafu, na kuandikiwa !analyze -v mara nyingi hutaja draiva yenyewe. igdkmd64 ni picha ya Intel, nvlddmkm ni ya Nvidia, jina linaloanza na Netwtw ni Wi-Fi ya Intel. Ondoa, weka toleo lingine, pima tena.

Draiva, na ule uzimaji wa uongo

Kabla ya kubadilisha draiva, washa upya kwa Restart, si kwa Shut down. Windows ikiwa na Fast Startup, Shut down huhifadhi kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva kwenye diski na kukirudisha kesho yake. Draiva iliyochanganyikiwa Jumatatu inaweza kuendelea na ugonjwa huohuo mpaka Ijumaa ingawa mwenye mashine anaapa huizima kila usiku. Fungua Task Manager, Performance, CPU, utazame Up time. Ikisema siku 12, unajua unachoshughulika nacho. Kuzima Fast Startup: Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, kisha ondoa alama kwenye Turn on fast startup.

Wengine wanakushauri uandike powercfg /h off na kumaliza. Ushauri huo una kasoro. Amri hiyo inaondoa Fast Startup, lakini inaondoa na uhifadhi wa kazi kwenye diski pale betri inapokaribia kukauka ikiwa mashine imelala. Kwa mtu ambaye betri zake zimechoka na umeme wa mtaani unakatika bila taarifa, hiyo ni kinga anayoihitaji. Zima Fast Startup peke yake.

Kwa picha, chukua draiva kwenye ukurasa wa Lenovo wa T480 au kwa Intel. Ujue kwamba 2022 Intel iliviweka vizazi vya 6 hadi 10 kwenye kundi la matunzo ya muda mrefu, kwa hiyo usitegemee draiva mpya kila mwezi, na hakuna sababu ya kuihangaikia. Ikiwa kuganda kulianza baada ya sasisho la Windows, ingia Device Manager, Display adapters, Properties, Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Baada ya sasisho kubwa linalofuata angalia toleo tena, maana Windows Update ina tabia ya kurudisha kile ulichokiondoa.

Zipo T480 zenye kadi ya pili ya picha, Nvidia MX150. Kwa usingizi, hizo ni za kuepuka. Kadi mbili zinazopokezana kioo kimoja zina nafasi mbili za kukosea wakati wa kuamka, na MX150 ya leo haikupi nguvu ya kufidia usumbufu huo. Wanaozitangaza kama za michezo wanakuuzia jina.

Diski

Mashine hizi zikifika kutoka Ulaya au Ghuba mara nyingi hazina diski, kwa kuwa kampuni zilizozitumia huziondoa ili data zisitoke nje. Muuzaji anaweka yake, na mara nyingi ni ya bei ya chini kabisa, jina lisilojulikana, na programu yake ya ndani (firmware) haijapata sasisho tangu itoke kiwandani. Diski ya namna hiyo inafanya kazi mchana kutwa na kushindwa kwenye kitu kimoja: kutoka katika hali ya kubana umeme.

Weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, uisome. Kwa diski ya SATA, aina ya zamani zaidi, angalia mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano. Namba hiyo ikiongezeka wiki hadi wiki, usinunue diski nyingine kwanza. T480 inaunganisha nafasi ya diski ya inchi 2.5 na bodi kwa kebo bapa nyembamba, na kebo hiyo hukunjika au kulegea mashine inapofunguliwa mara kwa mara. Kebo ni rahisi kuliko diski. Kwa NVMe, aina mpya na ya kasi zaidi ambayo kwenye T480 hukaa ndani ya trei maalumu katika nafasi hiyohiyo, tazama Media and Data Integrity Errors. Chochote zaidi ya sifuri ni onyo. Na Unsafe Shutdowns nyingi zinakupa picha ya maisha iliyoyapitia.

Ikiwa diski ni ya kampuni inayotoa programu ya matunzo, kama Samsung Magician, Crucial Storage Executive au Kingston SSD Manager, sasisha programu yake ya ndani. Nakili kazi zako kwanza.

Kisha izuie isibane umeme kupita kiasi. Kwa NVMe: Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, PCI Express, Link State Power Management, uiweke Off kwa betri na kwa chaja. Kwa SATA mpangilio wenyewe umefichwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

powercfg -attributes SUB_DISK 0b2d69d7-a2a1-449c-9680-f91c70521c60 -ATTRIB_HIDE

Chini ya Hard disk utaona sasa AHCI Link Power Management. Iweke Active. Betri itapungua muda kidogo, mashine itaamka. Ikiwa hatua hii peke yake imeponya, diski ndiyo yenye kasoro, na siku ukipata fedha ibadilishe; kuishia kwenye mpangilio ni kuahirisha.

RAM

T480 ina nafasi mbili za DDR4, na Lenovo huiuza kwa kiwango cha juu cha GB 32. Iliyotumika mara nyingi ina kipande kimoja cha kiwandani na kingine kilichoongezwa dukani, cha kampuni tofauti. Ikiwa macho, mchanganyiko huo unaweza usisumbue kabisa. Ikilala, RAM inajihuisha yenyewe bila usimamizi wa prosesa, na kipande dhaifu au kilichokaa vibaya kinapoteza data hapohapo. Dalili zake: mashine inaamka, inafanya kazi dakika tano, kivinjari kinajifunga chenyewe, halafu bluu.

MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi ni muhimu, na toleo la bure linakuruhusu hadi duru nne, zimalize zote. Lakini kufaulu huko hakumaanishi RAM ni salama usingizini, kwa sababu kipimo kinaendeshwa mashine ikiwa macho. Kipimo cha kweli ni cha kizamani: toa kipande kimoja, ilaze usiku mzima, iamshe asubuhi. Badilisha kipande, rudia. Kisha jaribu kipande kizuri kwenye nafasi ya pili, maana nafasi nayo huharibika.

Kabla ya kuifungua, ingia BIOS kwa F1 wakati wa kuwaka, nenda Config, Power, uchague Disable Built-in Battery. Betri ya ndani inakata umeme wenyewe mpaka utakapochomeka chaja tena. Chomoa chaja na betri ya nyuma, legeza skrubu za chini (zimeshikwa kwenye kava, hazichomoki wala hazipotei), kisha banua kava kwa kadi ya plastiki. Hapa ndipo nenosiri la msimamizi wa BIOS linapokuumiza: mashine ikiwa bado nalo kutoka kwa mwenye mali wa kwanza, huwezi kubadilisha mipangilio ya BIOS, na njia ya kuliondoa si ya nyumbani.

Ile kasoro ya kuogopa

Programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt kwenye ThinkPad kadhaa za miaka hiyo, T480 ikiwemo, ilikuwa na kasoro, na Lenovo ilitoa sasisho ililoliita la lazima. Isiposasishwa, chipu inaweza kufika mahali inakataa kazi: tundu la USB-C halichaji, doki (kifaa cha kuunganisha skrini na vifaa vingine kwa kebo moja) haionekani, HDMI haitoi picha, au mashine inakwama ikiwaka kabla hata ya Windows. Dalili za mwanzo ni ndogo, na kusuasua wakati wa kuamka doki ikiwa imechomekwa ni mojawapo ya mambo ya kuyatilia shaka.

Kwa hiyo, siku ya kwanza ukiwa na T480, kabla ya kuweka programu yoyote, fungua Lenovo Vantage au Lenovo System Update na usasishe programu ya ndani ya Thunderbolt, kisha BIOS. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji ya kutosha, usianze umeme ukiwa wa kukatikakatika. Kwenye Linux kazi hiyohiyo inafanywa na fwupdmgr.

Ikiwa chipu imeshakufa, sasisho halitaifikia. Fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu, kama CH341A, anaweza kuiandika upya kumbukumbu ndogo iliyo kwenye bodi na kuirudisha, lakini ni kazi ya mikono mitulivu. Muuzaji akikuambia tundu moja ndilo la kuchajia na lingine halina neno, jua anachokificha: T480 ina matundu mawili ya USB-C na yote mawili yanachaji. Lenye alama ya radi ndilo la Thunderbolt.

Mashine ikiwa imekwama kiasi kwamba kukandamiza kitufe hakuizimi, chomoa chaja, kisha ingiza pini ya karatasi iliyonyooshwa kwenye tundu dogo kabisa upande wa chini. Hilo linakata umeme wote hadi wa betri ya ndani. Chomeka chaja, washa. Halitibu ugonjwa, linakutoa tu kwenye mkwamo, na wapo waliolipia bodi mpya bila kulijua.

Betri mbili

Ya ndani ni ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Ya nyuma huwa ya 24, 48 au 72, na T480 hutumia ya nyuma kwanza. Andika powercfg /batteryreport, fungua faili itakayotengenezwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY kwa kila betri. Ya ndani iliyotakiwa kuwa karibu mWh 24,000 na sasa inashika 9,000 bado inalisha RAM usingizini bila shida, kwa sababu S3 inakula kidogo sana. Shida inakuja sekunde ya kuamka: prosesa, diski na kioo vinadai umeme kwa mkupuo, betri iliyochoka inazidiwa, mashine inazima na kuanza upya. Ikiamka vizuri kwenye chaja na kufa kwenye betri, usihangaike na draiva.

Kwa wanaotumia Linux

Andika cat /sys/power/mem_sleep. Neno deep likiwa ndani ya mabano ya mraba, unatumia S3; likiwa s2idle, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye vigezo vya kuwasha. Kwa kipimo cha kurudiarudia, sudo rtcwake -m mem -s 60 inailaza na kuiamsha yenyewe baada ya dakika moja. Ikiganda, washa upya usome journalctl -k -b -1. Ikiwa hakuna kitu, tumia pm_trace, kigezo cha kiini kinachoandika alama ya kifaa kwenye saa ya kompyuta. Baada ya kuwasha upya dmesg itataja kinachofanana nayo. Saa yako itavurugika, irekebishe baadaye. Padi ya kugusa peke yake ikiwa ndiyo iliyolala, modprobe -r psmouse kisha modprobe psmouse inatosha.

Dukani

Mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji dakika 45. Ingia F1 uhakikishe hakuna nenosiri la msimamizi. Fungua Windows, powercfg /a, kisha ripoti ya betri. Chaji kwa kila tundu la USB-C. Unganisha HDMI. Chomoa chaja, funga kifuniko, ngoja mpaka taa nyekundu ianze kufifia, fungua. Fanya hivyo mara tano mfululizo. Halafu ilaze nusu saa, bila chaja, ukiwa umeacha kivinjari na video vikiwa wazi. Usingizi mfupi haufichui diski mbovu wala RAM dhaifu. Huo mrefu ndio unaofichua. Ikiamka, fungua faili ambayo hukuigusa kabla, ili diski ilazimike kusoma, kisha mwisho pitia Kernel-Power za siku zote zilizopita, si za leo tu. Orodha ndefu ya 41 zenye BugcheckCode 0 inaweza kuwa ni mtu aliyezoea kuchomoa umeme. Orodha ndefu ya 159 ni mashine uliyokuwa unaitilia shaka.

Ya kuchukua ni yenye i5-8350U au i5-8250U, bila MX150, kioo cha 1920 kwa 1080 (kile cha 1366 kwa 768 kinachosha macho), vipande viwili vya RAM vya GB 8 vinavyofanana, na betri ya nyuma ya 72 ikipatikana. Prosesa hizo zinakubaliwa na Windows 11, jambo ambalo T470 yenye kizazi cha 7 haina, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Ikiwa diski ni ya jina usilolijua, omba punguzo la bei ya diski na uichukue bila hiyo.